Mkunga Aliyesikiliza kwa Sikio Moja

Mwanangu alipewa jina na kaseti. Jambo hili nimelikana kwa miaka mingi mbele ya watu wa kila aina: mchungaji, mkuu wa idara, na mwanamume mmoja niliyekaribia kuolewa naye. Wakiuliza kwa nini kijana anaitwa Mafuru, nilijibu kwamba ni kumbukumbu ya kaka yangu, kisha nikainamisha uso kidogo, nao wakaona aibu kuendelea. Niliwahi hata kuandika makala ya chuo kikuu kuhusu utoaji wa majina mkoani Mara, nikamtaja humo "mama mmoja wa Nyakato" ambaye mtoto wake alinyamaza aliposikia sauti ya mtu kutoka kwenye mashine. Nikaongeza aya mbili nzito za kueleza kwa nini masimulizi ya namna hiyo yasipokewe kama yalivyo. Mama huyo ni mimi. Mashine ilikuwa wokmani, na mwenye wokmani alikuwa Mkunga.

Kaseti yenyewe haina ubaya. Lakini kwetu jina la mtu wa ukoo hupewa mtoto baada ya mwenyewe kufa. Kumpa mtoto jina la aliye hai ni kumzika angali anatembea. Kaka yangu Mafuru alivuka mpaka wa Sirari katika miaka ile ya shida, kufuata bidhaa upande wa Kenya, na hakurudi. Hapakuwa na maiti wala msiba. Kwa hiyo ama Mkunga alimtambua marehemu ambaye sisi hatukuwahi kumlilia, ama alimuua mtu mzima kwa betri mbili. Swali hilo lilimkaa yeye rohoni kuliko lilivyotukaa sisi, na ndilo linalonifanya nimwandike.

Jina lake silitaji. Hata nikilitaja, Nyakato nzima, mtaa wetu pale Musoma, hakuna atakayemjua kwalo. Aliitwa Mkunga na watu aliowazalisha, na watu waliozaliwa mbali naye, na mumewe alipokuwa hai. Nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa minyaa. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha, na kwenye kila gauni lake alishona mfuko mmoja wa ziada, upande wa kulia, wenye umbo la tofali dogo.

Mfuko huo uliitangulia mashine. Aliona picha ya wokmani kwenye gazeti la wageni huko zahanati, wakati ambapo sisi hata betri za tochi tulizianika juu ya bati zipate nguvu ya mwisho. Akaichukua vipimo picha, akashona mfuko, na kwa miaka mingi akatembea nao mtupu.

"Mkunga ana mimba ya mashine," mama yangu alikuwa akisema, na siku hizo walikuwa bado marafiki, kwa hiyo alimwambia usoni.

"Mfuko ukiwa wazi, chenyewe kitakuja," Mkunga alijibu. "Wewe uliandaaga nepi kabla ya mtoto, au ulisubiri kwanza aje uchi?"

Alikuwa na maoni juu ya kila chombo kinachotoa sauti, na hakungoja kuulizwa. Aligawa mashine katika makundi mawili: zenye masikio na zenye mdomo mtupu. Redio ni mdomo mtupu. Inasema na wewe unaitika, basi, kama mkutano wa kijiji. Redio kaseti yenye kitufe chekundu cha kurekodi ina sikio, kwa hiyo inastahili adabu. Mbele yake alikataza watu kusengenya hata kama haikuwa na betri. Kaseti irudishwe nyuma kwa kalamu, kwa mkono, maana injini inaivuta kanda kama mkunga mwenye haraka anavyovuta kichwa cha mtoto. Mashine inayojigeuza upande yenyewe hakuitaka kabisa. "Kitu kinachoamua chenyewe kwamba sasa nisikie upande wa pili," alisema, "kimeongea na nani?"

Wakati sidii zilipofika madukani Iringo, alinunua kicheza sidii cha kubeba mkononi, akakitembeza mpaka Bweri na kurudi, kisha akampa mtoto wa dada yake. "Kinarukaga ukitembea," alitangaza. "Chombo cha kutembea nacho, hakitaki kutembea. Halafu hakina sikio. Ukikiambia neno, hakilishiki. Ni bamia tupu hicho."

Sijawahi kuelewa bamia zimeingiaje. Nilimuuliza, akaniambia ndiyo maana nilisoma mpaka chuo kikuu, kwa sababu mambo ya wazi yananipita. Aliniita Msomi tangu nilipofaulu kidato cha sita, na kwa namna alivyolitamka ungefikiri ni aina ya upele.

Wokmani aliisikiliza kwa sikio moja tu, la kulia. Hedifoni ya upande wa pili aliiacha ikae shingoni. Mtu aliyeziba masikio yote mawili, alisema, amejitoa kwa watu, na asishangae akiitwa na wengine. Basi ungemkuta sokoni anabishana bei ya sato huku kichwa kimeinama kidogo kulia, na ghafla angetabasamu, na ungejua kwamba hakutabasamu kwa ajili yako wala kwa ajili ya sato.

Ilinichukua muda kujua alikuwa akisikiliza nini. Nilidhani kwaya, maana alikuwa mzee wa kanisa na alizipenda tenzi. Nilipomwomba siku moja anisikilizishe, alinipa hedifoni, nikaisogeza sikioni nikitegemea sauti ya kwanza na ya tatu. Nikasikia mwanamke akikohoa, kisha akisema: "Mwambieni aje na chumvi." Nilimfahamu. Alikuwa mama wa jirani wa tatu, na tulikuwa tumemzika kabla ya mavuno.

Alikuwa amewarekodi wazee wa mtaa mzima. Alianza alipopata redio kaseti yenye kitufe chekundu, wakati akitumwa kazi kwenye vijiji vya pamba upande wa Bunda: akimaliza kumzalisha mwanamke, alimwomba bibi wa mtoto aseme lolote kwenye mashine. Wengi walisema mambo ya kawaida. Walilalamikia magoti, walitukana ng'ombe, waliuliza kama imeshaanza. Hakuwarekodi wajawazito kamwe, wala hakujirekodi yeye mwenyewe. Nilipouliza kwa nini, alisema sauti ni kama damu, unaweza kutoa kidogo ukapona, lakini lazima ujue unampa nani.

Na hakuimaliza sauti ya mtu. Alizima kabla ya neno la mwisho. "Ukimsikiliza mpaka mwisho," alisema, "anakuwa hana cha kukaa nacho."

Jambo ambalo hata sasa silipendi ni lile la betri. Betri zikichoka, kanda huenda polepole, na sauti hushuka na kuwa nzito. Mtu yeyote anajua hivyo. Lakini Mkunga hakuzibadilisha mara moja. Aliniambia, kwa utulivu wa mtu anayeeleza dalili za malaria, kwamba betri zikichoka marehemu anazeeka. Alikuwa na sauti ya mtoto wa kiume aliyekufa kwa surua kule Bunda, mtoto aliyekuwa akihesabu ng'ombe. Mama wa mtoto huyo alikuwa akija Musoma akiwa na betri zake mwenyewe, nusu zimekwisha, alizoazima kwenye tochi ya mtu. Aliketi kibarazani kwa Mkunga akisikiliza ng'ombe wakihesabiwa na mwanamume mzima.

"Si anajidanganya?" nilimuuliza Mkunga.

"Amekwambia anaamini?"

"Hapana."

"Basi usimjibie."

Ni Mkunga huyuhuyu aliyemfukuza mganga zahanati kwa fimbo ya kufungia dirisha, na aliyewasema wazi kanisani akina mama waliovalisha watoto hirizi chini ya fulana. Wala hakuona mgongano wowote. Hirizi ni ushirikina, alisema. Kaseti imetengenezwa kiwandani.

Sasa nimseme kaka yangu. Ndiye aliyemletea Mkunga mashine yake ya kwanza, redio kaseti ndogo yenye kitufe chekundu, iliyovushwa Sirari ndani ya gunia la mtama. Alikuwa bado hajaanza kunyoa ndevu, na Musoma nusu nzima ilimtegemea kwa vitu ambavyo maduka yalikuwa yamevisahau. Aliijaribu mbele ya Mkunga. Alibonyeza, akasema: "Inasema? Mkunga, inasema hii? Ngoja nicheke uone." Akacheka, na katikati ya kicheko sauti ikakatika, kwa sababu alipenda kubonyeza vitufe. Mkunga hakuifuta. Akamwagiza safari nyingine amletee ile yenye hedifoni, ya mfukoni, na kaka yangu akaondoka akicheka vilevile. Hiyo ndiyo safari ambayo hakurudi.

Mama yangu hakuwahi kumlaumu kwa agizo hilo. Alisema wazi kwamba Mafuru angevuka hata kama angeagizwa sindano. Alichokataa ni kulia. Mtu asiyeonekana hajafa, alisema, amechelewa.

Mimi nilirudi Nyakato kujifungua miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, wakati maduka ya Iringo yamejaa tena sabuni, sukari na redio za kila rangi, na mfuko wa Mkunga hatimaye umepata mwenyewe, wokmani nyeusi aliyoinunua mchana kweupe. Baba wa mtoto, mtu wa Tanga, alikuwa ameniachia nafasi yote ya kuchagua jina, kwa maana ya kwamba alikuwa ameniacha.

Mtoto alilia. Alilia kutwa, akalala kidogo, akaamka akalia. Daktari alimgeuza huku na huku akasema mzima kabisa. Mama akasema analilia jina. Nikasema, kwa lugha niliyofundishwa kwa kodi ya wakulima wa pamba, kwamba watoto wachanga hawana dhana ya jina. Mtoto akalia zaidi. Basi shangazi zangu wakaja, wakamwita kwa majina ya marehemu wetu mmoja baada ya mwingine huku mimi nikimpa titi, kwani akipokea jina atanyonya. Hakunyonya. Alikuwa anaisha.

Mkunga akaingia mchana huo bila kubisha hodi. "Leteni huyo," akasema. Akaketi kitandani, akatoa kanda ya babu yetu, akaweka sponji moja ya hedifoni karibu na sikio la mtoto na nyingine kwenye sikio lake la kulia. Sisi wengine hatukusikia kitu ila ule mnong'ono mwembamba wa mashine. Babu alishindwa. Mkunga akaigeuza kanda upande wa pili, ambako alidhani ni babu anaendelea.

Mtoto akanyamaza, na hakuwa amelala. Alifungua macho na kutulia kama mtu anayesikiliza ili ajibu.

Nilimtazama Mkunga. Uso wake ulikuwa umebadilika. Akaitoa hedifoni sikioni mwake taratibu.

"Ni nani huyo?" mama akauliza.

"Si mtu. Ni upande mtupu."

Akaisogeza sponji mbali na mtoto, na mtoto akapasua kelele. Akairudisha. Kimya. Mama akanyoosha mkono. "Nipe." Mkunga akasita, lakini ile ilikuwa nyumba ya mama. Mama akasikiliza akiwa amesimama. Nilijua amefika kwenye kicheko kwa sababu mdomo wake ulianza kutabasamu kabla yeye hajaukataza.

"Zima. Huyu hajafa."

"Mimi sijasema amekufa, Mama Mafuru. Mtoto ndiye anayesema."

"Mtoto anasema ana gesi tumboni."

Wakanigeukia mimi, msomi. Ningeweza kusema mambo mengi. Lakini mtoto alikuwa mwepesi mikononi mwangu kuliko siku aliyozaliwa, kwa hiyo nilimweka kwenye titi nikasema, "Mafuru," kwa sauti ndogo kama ya mtu anayeonja maji kwa kidole. Akashika. Akanyonya mpaka akatoka jasho.

Mama akatoka nje, akaanza kuanua dagaa ambao hawajakauka.

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu ilikuwa na akina Mama Mafuru wawili, na mmoja wao hakumsemesha Mkunga tena. Mama aliziba kwa matawi ya miba upenyo wa ua wa minyaa ambao walikuwa wakipitishiana chumvi. Mjukuu wake alimlea vizuri, alimbeba, alimpenda, na alimwita Mgeni. Mimi nilirudi chuoni nikaandika makala.

Mkunga, kwa upande wake, aliacha mambo ya majina siku ileile. Watu walimletea watoto wanaolia akawaambia waende hospitali. Nikija likizo nilimkuta kibarazani, mfuko umejaa, hedifoni sikioni, lakini hakutabasamu tena bila sababu. Siku moja aliniuliza kama wasomi wanajua mtu anaweza kufa kwa kuitwa amekufa. Nilimwambia hapana. "Hapana hawajui," akauliza, "au hapana hawezi?"

Simu za mkononi zilipofika Musoma, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kununua na wa kwanza kuisema vibaya. Simu ina sikio na ina mdomo, alikiri, lakini haina kumbukumbu. Inakusikia na kukusemesha kisha inasahau kila kitu, kama mlevi mstaarabu. Kubipu ni kugonga mlango wa mtu na kukimbia. Ujumbe wa maandishi ni neno lisilo na pumzi, na yeye neno lisilo na pumzi alilijua kutokana na kazi yake. Kitu kimoja tu alikipenda: ule mtetemo. Aliiweka simu tumboni chini ya kanga, na ikitetemeka alisema, "Huyu anacheza vizuri."

Kisha akastaafu, akarudi kwao Butiama, na kwa muda hatukusikia habari zake. Ndipo akanipigia. Hakusalimia. "Njoo na mtoto," alisema. "Na mama yako, kama miguu inamruhusu. Mwambie kuna mtu anaijua sauti." Akakata.

Nilitegemea mama akatae. Alifunga kitenge, akaketi kwenye kiti cha mlangoni na mkoba mapajani kabla sijamaliza kusema.

Tulimkuta Mkunga amepungua, amekuwa mtu wa mifupa na mfuko. Sikio la kulia lilikuwa limekufa kabisa. "Nililitumia kwa marehemu tu," alisema, "sasa limewafuata." La kushoto nalo lilikuwa linachoka. Alimsalimu mama yangu, na mama akaitikia, na hayo yakawa mazungumzo yao. Kisha akamtazama mwanangu, ambaye sauti yake ilikuwa imevunjika mwaka huo na alikuwa akiitumia kwa tahadhari kama kiatu kipya.

Akatueleza. Tangu siku ile ya kutoa jina alikuwa akitoa nakala za upande ule wa kanda, akiwapa wanawake wanaovuka Sirari kufuata mitumba, wakaipige kwenye masoko ya huko na kuuliza kama kuna anayemjua huyo anayecheka. Alipopata simu alitengeneza nakala mpya. Akatuchezea nakala hiyo. Nikamsikia kaka yangu: inasema, Mkunga, inasema hii. Nikamsikia akicheka na kukatika. Halafu ikafuata sauti ambayo sikutegemea kuisikia kwenye kanda yoyote, ya Mkunga mwenyewe, ikisoma namba ya simu polepole na kusema: "Anayemfahamu huyu aniambie kama yuko hai. Mimi ndiye niliyemtuma."

Mama alikuwa akitazama ukutani.

Wengi walishapiga simu, Mkunga alisema. Wengine waliuliza bei ya kanda, mmoja alitaka kumuoa. Lakini wiki hiyo alipiga mwanamume mzee, akasema sauti anaijua, na baada ya hapo sikio likamgomea, akasikia upepo tu. Alichoambulia ni kwamba mtu huyo atapiga tena Jumapili baada ya ibada.

Mtandao pale Butiama ulipatikana sehemu moja, juu ya mwamba nyuma ya nyumba, ambako simu ilikaa ndani ya kopo la majani ya chai lililofungwa kwenye nguzo. Tukapanda, Mkunga akishikwa mkono na kijana. Tukasimama juani kuizunguka ile nguzo. Ilipoita, kopo zima lililia.

"Pokea, Msomi," Mkunga akasema.

Nilinyoosha mkono, nao haukufika. Nasema hivi bila kujitetea. Nilikuwa na shahada mbili na nililiogopa kopo la chai.

"Basi mpe mwenye jina."

Mwanangu akaitoa simu, akaiweka sikioni. Sisi hatukusikia kitu.

"Haloo. Shikamoo." Akangoja. "Haloo? Ndiyo, nakusikia. Mimi ni Mafuru."

Kisha akaziba simu kwa kiganja akatugeukia, na uso wake ulikuwa wa mtoto ingawa sauti haikuwa.

"Anasema niache utani. Anasema walinizika."

"Muulize wapi," mama akasema.

"Muulize kwanza lini," akasema Mkunga.

Kijana akauliza. Akasikiliza, akaitikia, akasikiliza tena.

"Anasema ni homa. Kipindi kile huku kwetu hapakuwa na sabuni."

"Kabla ya jina," Mkunga akasema, akaketi juu ya mwamba, kwa hatua, mkono kwanza halafu nyonga, kama wanavyoketi wanawake walioshinda wamesimama kwenye chumba cha uzazi. Mama hakumtazama. Alikuwa amemkaribia mjukuu wake mpaka akashika mkono wa shati lake.

"Na wapi?"

"Kehancha, huko Kenya, nyuma ya nyumba yake. Anasema kaburi lipo, wanalipalilia." Kijana akabadilisha sikio. "Anasema hawakunifukia hivihivi. Waliniogesha vizuri, kwa sabuni niliyokuwa nawaletea ninyi huku nyumbani."